NYOKA MDOGO ASIYEJULIKANA KARIBU NA NYUMBA

Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mwanachama katika mkutano wa mwezi wa Chama



Nimeombwa niseme juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amepata kukiona, na ambacho wachache wetu wamepata kukitazama: nyoka mdogo, asiyejulikana jina, aliyeonekana karibu na nyumba. Mimi si tabibu wala si mtaalamu wa wanyama. Mimi ni karani. Lakini jambo hili, kama nitakavyojaribu kuonyesha, lahitaji ukarani kuliko ushujaa.

Desturi yetu yajulikana. Mtoto apiga kelele uani, majirani wakusanyika na fimbo, nyoka auawa, ndipo watu waanzapo kuulizana ni nyoka gani. Mmoja asema ni mtoto wa koboko. Wa pili asema ni fira. Wa tatu acheka, asema si kitu, ni nyoka wa mchanga tu, na ili kulithibitisha neno lake amwinua kwa vidole. Hukumu imetangulia, ushahidi wafuata nyuma.

Kwa desturi hiyo twapata hasara mbili. Ya kwanza ni kwamba twawaua wale watufaao, walao panya katika maboma yetu na chini ya sakafu za ghala. Ya pili ni kubwa zaidi. Mtu aliyejiaminisha kwamba nyoka mdogo hana neno humshika. Tena akiumwa hukaa nyumbani akingoja maumivu yapite. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kwa ajili hiyo. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Wafao wengi ni watu wa mashamba na watoto, yaani ndugu zetu tuliowaacha vijijini, na wana wetu wachezao nyuma ya nyumba.

Basi neno langu lote la leo ni hili: kumtambua nyoka ni kazi ya macho na kalamu, wala si kazi ya mikono. Na yule asiyetambulika, hata awe mwembamba kama uzi wa kiatu, na aachwe kama mwenye sumu.

I. ALAMA ZIDANGANYAZO

Zipo kanuni nne ambazo watu hupokezana, na kila moja katika hizo imepata kumdhuru mtu.

Ya kwanza yasema kwamba nyoka mdogo ana sumu ndogo. Wazee wetu walikwisha kuijibu kwa methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Mtazameni bafe, ambaye wengine humwita kifutu au moma. Yeye hatagi mayai ya kuangua baadaye. Huzaa watoto walio hai, mara nyingi ishirini hata arobaini kwa mzao mmoja. Bafe mmoja wa asili ya Kenya, aliyefugwa katika bustani ya wanyama nchini Czech, alizaa watoto 156. Mtoto wa bafe siku ya kuzaliwa kwake ni mfupi kama kalamu ya risasi, na siku hiyo hiyo ana meno na ana sumu. Kadhalika fira atemaye mate: kifaranga chake huweza kutema punde atokapo yaini.

Kanuni ya pili yasema kwamba nyoka wa sumu hujulikana kwa kichwa cha pembe tatu. Ni kweli kwa bafe. Walakini kichwa cha fira na kichwa cha koboko si cha pembe tatu, na hao ndio wauaji mashuhuri. Tena wako nyoka wasio na madhara ambao, wakitishwa, hukibapaza kichwa hata kifanane na cha bafe.

Ya tatu yahusu jicho. Husemwa kwamba mboni iliyosimama kama ya paka ni ya nyoka wa sumu, na mboni ya mviringo ni ya nyoka mwema. Lakini fira na koboko wana mboni za mviringo, hali nyoka wa nyumbani, asiye na sumu kabisa, ana mboni iliyosimama. Zaidi ya hayo, mtu aliyekaribia hata kuiona mboni amekwisha kukaribia kupita kiasi.

Ya nne ni rangi. Katika pwani yetu wako nyoka wembamba wa kijani walao vyura na mijusi, wasiomdhuru mtu. Yuko pia mamba wa kijani, akaaye katika miembe na mikorosho, ambaye sumu yake huua. Rangi peke yake haiwatengi. Ni sawa na kumtambua mtu kwa rangi ya kanzu yake.

II. HABARI YA BWANA SCHMIDT

Yamkini mtu atasema: hayo ni makosa ya wasiosoma, msomi hawezi kukosea hivyo. Nitawapa habari ya mtu ambaye katika elimu ya nyoka alikuwa na wenzake wachache duniani.

Dr. Karl Schmidt alikuwa mtaalamu wa wanyama watambaao katika jumba la makumbusho la Field Museum, mjini Chicago, Marekani. Tarehe 25 Septemba 1957 jumba hilo lililetewa nyoka kutoka bustani ya wanyama ya Lincoln Park katika mji ule ule, atambuliwe jina. Alikuwa nyoka wa Afrika, angali mtoto, urefu wake yapata sentimita 76. Kwa sura alifanana na yule ambaye Makaburu walimwita boomslang, maana yake nyoka wa mti, anayepatikana pia katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Lakini gamba moja la chini, penye mwanzo wa mkia, halikugawanyika kama lilivyo desturi ya aina hiyo. Kwa ajili ya gamba moja wataalamu wakasita. Dr. Schmidt akamchukua mkononi amtazame vizuri, na nyoka akamuuma katika kidole gumba cha mkono wa kushoto.

Jeraha lilikuwa dogo. Nyoka alikuwa mdogo. Dr. Schmidt hakwenda hospitali. Alirudi kwake, akaandika katika daftari kila dalili na saa yake: kichefuchefu, homa na baridi, damu katika fizi. Asubuhi ya pili akajiona nafuu, akala chakula, akapeleka habari kazini kwake kwamba atarejea. Mchana wa siku ile ile alikufa kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Umri wake ulikuwa miaka 67.

Mabwana, siwaelezi habari hii ili kumdharau marehemu. Kalamu yake ilifanya kazi yake kwa uaminifu hata karibu na mwisho, na madaktari wamejifunza kutokana na maandishi yale. Naieleza kwa sababu ina mafundisho matatu kwetu. Gamba moja laweza kumshinda hata mjuzi. Udogo wa nyoka na udogo wa jeraha si kipimo cha hatari. Na nafuu ya asubuhi si kupona, maana sumu ya namna ile yaweza kungoja saa nyingi kabla ya kuonyesha nguvu yake.

III. TUWAONAO MARA KWA MARA

Sasa niwataje wachache ambao aghalabu huonekana karibu na nyumba, ili tuwe na mwanzo wa kuwatambua kwa mbali.

Yuko kwanza yule mwembamba mno, mweusi au wa kahawia, ang'aaye kama aliyepakwa mafuta, urefu wake hata sentimita 20 haufiki. Huonekana baada ya mvua, au katika chungu cha maua, au hupanda katika tundu la maji ya bafu. Kichwa na mkia vyafanana, na kwa hiyo watu humwita nyoka wa vichwa viwili na kumhofu kama mzimu. Huyu ni nyoka kipofu. Macho yake ni nukta mbili zilizofunikwa na magamba; chakula chake ni mayai na watoto wa mchwa na siafu. Hawezi kumdhuru mtu. Aina moja yao asili yake ni Asia, nayo imeenea duniani pamoja na udongo wa miche, hata pwani yetu ikafika. La ajabu, nyoka wa aina hiyo wote ni majike, nao hutaga mayai pasipo dume. Watu humdhania kuwa mnyoo, lakini mnyoo hana magamba, na mwili wake ni pete pete tena una utelezi.

Wa pili ni nyoka wa nyumbani, wa rangi ya kahawia. Alama yake ni mistari miwili ya rangi hafifu kila upande wa kichwa, mmoja ukipita juu ya jicho na mmoja chini yake. Hutembea usiku. Hana sumu, panya na mijusi huwaua kwa kuwabana. Mtu amwuaye amefukuza mlinzi wa ghala yake bila kumlipa mshahara.

Wa tatu hupenda penye majimaji, karibu na bomba au bustani ya mboga, kwa maana hula vyura. Mwili wake ni wa kijivujivu, kichwa cheusi zaidi chenye kung'aa, na mdomo wa juu mara nyingi ni mweupe. Akitishwa hukibapaza kichwa, hutoa sauti ya ukali na kurusha kichwa mbele kama mwenye nguvu nyingi. Ana sumu kidogo, na meno yake ya sumu yako nyuma ya kinywa. Kwa binadamu si wa hatari.

Wa nne ni mla mayai. Amevaa madoa kama ya jamaa za bafe, na magamba yake ni makavu, yenye migongo. Akiona hatari hujikunja na kuyasugua magamba hata yatoe sauti kama ya mafuta motoni, kisha hufungua kinywa cheusi. Kumbe kinywa kile karibu hakina meno! Vitisho ndivyo silaha yake yote, na kwa vitisho hivyo hufa mikononi mwa watu.

Pamoja na hao yuko wa tano, jamaa ya bafe atembeaye usiku na kula vyura. Hana unene wa bafe, mboni yake ni ya mviringo, na kichwani mara nyingi ana alama kama herufi V, ncha yake ikielekea mbele. Kuumwa naye huleta maumivu makali na uvimbe. Tazameni basi: mla mayai na huyu wa tano, mmoja hana meno na mmoja ana sumu, na kwa mwanga wa taa ya mkono ni nani atakayewatenga? Ndiyo sababu nasema tuwajue wote, na tusimshike hata mmoja.

IV. YULE ASIYESHIKIKA

Lakini wa kuangaliwa kuliko hao wote ni nyoka mmoja mdogo mweusi akaaye chini ya udongo, ambaye wataalamu humwita Atractaspis. Kwa kumtazama hana ajabu yo yote. Rangi yake ni nyeusi au ya zambarau iliyoiva, macho madogo sana, kichwa butu kisicho na shingo, mkia mfupi wenye ncha kali. Hutoka usiku, hasa mvua zinyeshapo. Mtu humwona akasema: huyu ni wa mchanga tu.

Tunajua sote kwamba wakamata nyoka huwashika nyuma ya kichwa, ili kinywa kisifike mkononi. Kwa huyu hila hiyo haifai kitu. Meno yake ni marefu kuliko kiasi cha kichwa chake, na huweza kutoa jino moja kwa upande, kinywa kikiwa kimefungwa, akachoma kwa kukivuta kichwa nyuma. Ashikwapo nyuma ya kichwa ndipo anapochoma kidole kile kile kimshikacho. Hakuna namna ya kumshika kwa vidole iliyo salama.

Jeraha lake huleta maumivu makubwa na uvimbe; wengine nyama ya kidole imekufa, na aina nyingine za jamaa hii zimeua watu. Mwaka 1988 wataalamu walieleza kwamba sumu ya mmoja wao, akaaye katika nchi za Mashariki ya Kati, ina kitu kinachofanana sana na kitu kilichomo katika mwili wa binadamu mwenyewe, ambacho kazi yake ni kuikaza mishipa ya damu. Kwa hiyo sumu hiyo huishika mishipa ya moyo. Na dawa za kawaida za kupinga sumu zilizoko hospitalini hazimtibu aliyechomwa na huyu. Hutibiwa dalili zake tu.

Ishara moja yaweza kumfichua. Akisumbuliwa, huinua shingo kama upinde na kukielekeza kichwa chini, pua yake ikigusa ardhi. Mwonapo nyoka mdogo mweusi akifanya hivyo, waondosheni watoto mbali.

V. HABARI ZA KUANDIKWA

Sasa nafika katika ukarani. Barua ikija ofisini bila jina la mwandikaji, hatuitupi, wala hatubuni jina. Twaandika tarehe, mahali ilikotoka, na yaliyomo, kisha twaipeleka kwa mwenye kujua. Na tumfanyie nyoka vivyo hivyo. Mtu na asimame mbali, hatua tano au zaidi, na ayaandike haya:

Kwanza, mahali na saa: ni ndani ya nyumba, mtini, majini, au chini ya jiwe, ni mchana au usiku, mvua ilinyesha au la.

Pili, urefu na unene, kwa kulinganisha na kitu kilicho karibu, kama tofali au mpini wa jembe. Nyoka wa kukadiriwa kwa hofu siku zote ni mrefu mara mbili.

Tatu, kichwa na shingo: je, kichwa chatengana na mwili, au mwili wote ni unene mmoja? Ana mistari au alama gani kichwani?

Nne, mgongo: una pete, madoa, mistari, au rangi moja? Wang'aa au umefifia?

Tano, mkia: ni mrefu mwembamba, au ni mfupi wa kukatika ghafula?

Sita, tabia: alikimbia, alijikunja, aliinua kichwa na kupanua shingo, alitoa sauti, au alielekeza kichwa chini?

Mwenye simu na apige picha kutoka pale pale aliposimama, asisogee kwa ajili ya picha. Tena aangalie kama kiumbe chapepesa macho. Nyoka hana kope. Akipepesa, si nyoka, bali ni mmoja wa wale mijusi wasio na miguu. Habari hizo zikifika kwa watu wa makumbusho, au wa shamba la nyoka kama lile la Bio-Ken huko Watamu, pwani ya Kenya, mara nyingi zatosha kumpatia jina. Na zisipotosha, hakuna kidole kilichopotea.

VI. MTU AKIUMWA

Hapo, mabwana, acheni kumtafuta nyoka. Msimwue ili mmpeleke kwa daktari. Kichwa kilichokatwa chaweza kuuma bado. Daktari haongozwi na jina la nyoka peke yake. Atazama uvimbe, atazama kama kope zalegea na pumzi yapungua, na atia damu kidogo katika chupa safi ya kioo, aiache dakika 20 bila kuitikisa, aone kama yaganda. Isipoganda, ajua sumu imeiharibu damu.

Kazi yetu ni ndogo lakini ni ya haraka. Mgonjwa alale atulie, asitembee. Pete, bangili na saa zivuliwe kabla ya uvimbe kufika. Kiungo kilichoumwa kifungwe kwa ubao ili kisichezecheze, lakini kisikazwe kwa kamba. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, lisitiwe moto. Lile jiwe jeusi liuzwalo sokoni halinyonyi sumu; linyonyalo ni wakati. Mwenye kalamu apige mstari ngozini mwisho wa uvimbe na kuandika saa. Kisha mgonjwa achukuliwe hospitali, hata akisema hajisikii vibaya, hata nyoka akiwa mdogo kama kalamu, na akae huko hata siku nzima ipite. Ikiwa ni mate ya fira yaliyoingia machoni, yaoshwe papo hapo kwa maji mengi safi, tena kwa muda mrefu.

Na ili tusifike huko: tufyeke majani, tuondoe vifusi na makopo, tuwaondoe panya ambao ndio mwaliko wa nyoka, usiku tutembee kwa taa na viatu, na watoto walale ndani ya chandarua iliyochomekwa vizuri chini ya godoro.

VII. MWISHO

Najua kwamba mtu aliyesoma, akiwa katikati ya majirani, huona haya kusema, "Sijui nyoka huyu." Watu humtazama, naye hutaka kutoa jina. Lakini neno hilo "sijui" ndilo lililo salama kuliko yote katika jambo hili, na mwenye elimu ndiye apaswaye kulitamka kwanza, ili wengine wasione haya kulitamka baada yake. Alitamke kwa sauti, awarudishe watoto nyuma, kisha achukue karatasi aanze kuandika.